Nani Amempa Filimbi

Walikuwa wamemvunja taya na vidole vyote kumi. Daktari wa zamu ilibidi aliseme jambo hilo mara mbili, maana Koplo alikuwa ameandika vidole vinane, na daktari alitaka karatasi ya polisi ilingane na yake. Gumba nalo ni kidole, alisema, na yote mawili yamevunjwa kwa kitu kizito, moja baada ya jingine, bila haraka.

Mgonjwa alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, mwanamke wa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni ya Mgombea katika kila mkutano wa kampeni na kuwatafsiria viziwi hotuba kwa mikono. Mfagiaji wa barabara ndiye aliyemkuta asubuhi ile, kwenye mtaro nyuma ya kiwanda cha uchapaji. Sasa alikuwa amelazwa kitanda cha mwisho cha wodi, taya limekazwa kwa waya, mikono imeviringishwa bandeji hadi kwenye viwiko, na amelala kwa nguvu za dawa. Daktari alisema hataamka kabla ya kesho, na hata akiamka, atajibu maswali kwa kutumia nini?

Inspekta aliomba aonyeshwe vitu vya mgonjwa.

Muuguzi alivimwaga juu ya meza ya chuma. Simu ilikuwepo, na pochi, na noti ndani ya pochi. Pete ya dhahabu ilikuwa imekatwa kwa msumeno na daktari, siyo na mwizi.

"Mwizi gani huyu asiyeiba?" Koplo aliuliza.

"Ameiba," Inspekta alisema. Aliinua jalada la plastiki, jepesi kama ganda. Juu yake palibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: *Hotuba, wiki ya mwisho*. Ndani hapakuwa na kitu.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mkutano wa kufunga kampeni ulipangwa saa tisa alasiri, na redio ingeutangaza moja kwa moja nchi nzima.

Inspekta alikuwa na siku kumi akizifuatilia hotuba za Mgombea. Katika ya kwanza, Mgombea aliwaambia watu kwamba sufuria imetoka jikoni ikashika mizani, kisha akaongeza kwamba mataruma yaliyooza yang'olewe. Uwanja ulicheka. Jioni ile ile mwenyekiti wa wachuuzi wa nafaka alipigwa na kibanda chake kikachomwa. Katika ya pili, sufuria ilitoka jikoni ikashika mkasi wa kukatia vitovu, na mataruma yakatajwa tena. Kabla jua halijazama mkunga mkuu wa zahanati alitolewa nyumbani kwake na watoto wake wanne, nguo zao zikatupwa kisimani. Wote wawili walikuwa wanawake. Wote wawili walikuwa watu wa reli, wajukuu na vitukuu wa vibarua walioletwa kwa meli kutoka ng'ambo ili kulaza mataruma, zile mbao nene zinazobeba vyuma vya reli. Walikuwa wamezaliwa hapa vizazi vinne, lakini ngozi na nywele zao ziliwatambulisha kabla hawajafungua mdomo.

Aliyaandika yote hayo katika ripoti ya kurasa sita. Mkuu wa kituo, ambaye askari walimwita Kesho kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila faili, aliisoma ripoti, akamuuliza kama anataka kumshtaki mtu kwa kutumia mafumbo, kisha akaifungia kwenye saraka. Aliongeza, kwa upole, kwamba watu wanaweza kusema Inspekta anawapigania wa kwao. Hilo lilikuwa kweli nusu. Mama yake Inspekta alizaliwa kwenye kota za reli na mpaka leo alikuwa akiishi huko, akishona sare za shule. Inspekta mwenyewe alikulia huko, na miezi miwili iliyopita alikuwa mwanamke wa kwanza kituoni pale kupewa cheo hicho.

Kaka wa mkalimani alikuwa seremala wa madawati, kiziwi tangu kuzaliwa. Walimkuta kwenye karakana yake, randa iko mkononi lakini haendi popote nayo. Mama yao alikuwa ameketi kwenye dawati lisilopakwa rangi, kanga imeshushwa hadi kwenye nyusi. Habari walikuwa nayo tayari. Mama alisema yeye ndiye atakayetafsiri, kwa kuwa lugha hiyo aliijua kabla ya huyo binti; alijifunza kwa kumlea kaka wa binti huyo.

"Yeye akaifanya iwe kazi," alisema. "Laiti angefanya ushonaji."

"Pole, Mama," Inspekta alisema. "Nataka mwanao aitazame mikono ya dada yake."

Koplo aliweka kompyuta juu ya benchi na kufungua mkanda wa mkutano wa Jumanne. Seremala aliashiria wazime sauti, kwani ilikuwa ikiwasumbua wao tu. Kwenye kioo Mgombea alikuwa akifungua na kufunga mdomo, mkono mmoja hewani. Kandoni mwake mkalimani alikuwa akifanya kazi yake, uso mtulivu, mikono haipumziki. Dakika kumi hakuna lililotokea. Kisha seremala aliipiga benchi kwa kiganja, akarudisha mkanda nyuma, akatazama tena, na alipoanza kuzungumza kwa mikono mama yake alichelewa kutafsiri.

"Anasema hapa bwana yule anaongelea barabara," mama alisema hatimaye. "Hata midomo inaonyesha. Lakini binti yangu hasemi barabara. Anasema..." Alimwomba mwanawe arudie. "Anasema: wenzangu. Alhamisi. Watamfuata mwanamke. Wa reli. Ana filimbi. Mwambieni."

Seremala alionyesha alama ya filimbi mwenyewe, vidole viwili kwenye midomo. Baada ya alama hiyo, kwenye kioo, mkalimani alijigusa bega la kushoto mara mbili, haraka. Inspekta aliuliza hiyo ni nini. Seremala alitazama tena, akainua mabega. Mama alisema alijipangusa vumbi tu. Jukwaa lile lina vumbi. Koplo naye aliona hivyo.

"Viziwi wangapi waliuona mkutano huu?" Inspekta aliuliza.

Mama hakusubiri mwanawe ajibu. Wengi waliuona, alisema. Wakaelewa. Jana Jumatano watatu kati yao, mwanawe akiwamo, walikwenda kituo cha polisi na karatasi waliyoiandika kwa taabu, maana wawili kati yao hawakusoma sana. Askari wa kaunta aliitazama karatasi, akawatazama wao, akawaonyesha mlango. Aliwaandikia neno moja nyuma ya karatasi: kesho.

Koplo aliinamisha kichwa. "Nilikuwa mimi, Afande," alisema.

Seremala hakusikia, lakini alimtambua tangu alipoingia. Aliokota randa akarudi kwenye ubao wake.

Filimbi ilimpeleka Inspekta moja kwa moja kwenye stesheni ya treni. Stesheni masta alikuwa mwanamke, wa watu wa reli, wa kwanza kupewa kazi hiyo, na kila asubuhi watu walimsikia akiipuliza filimbi kuruhusu treni iondoke. Mambo yalilingana kama ufunguo na kufuli. Inspekta aliwatuma askari wawili wakamlinde, akampigia simu yeye mwenyewe akamweleza. Stesheni masta alimsikiliza, akauliza treni ya saa kumi ataiachia nani. Hatimaye alikubali kujifungia ofisini.

Saa nane na nusu Inspekta na Koplo walikuwa ghorofa ya tatu ya makao ya kampeni, juu ya duka la magodoro, mbele ya mwandishi wa hotuba. Watu wote walimwita Mwalimu. Alifundisha lugha na fasihi miaka ishirini kabla Mgombea hajamchukua, na alikuwa bado na chaki ya namna fulani katika sauti. Alimtambua Koplo papo hapo, akamuuliza alimpa ngapi kwenye insha.

"Kumi na moja kwa hamsini, Mwalimu."

"Nilikuonea huruma."

Inspekta alivuta kiti. "Sufuria ni nini, Mwalimu?"

"Chombo cha kupikia."

"Taruma?"

"Ubao wa kulazia reli. Kamusi iko nyuma yako."

Alipoulizwa kuhusu mkalimani alisema amesikitika, kwamba mitaa siku hizi haifai. Alikiri kwamba Jumatatu, mbele ya kamati nzima, mkalimani alimuuliza neno sufuria alionyesheje, chombo au mwanamke. Alimjibu aonyeshe chombo. Mkalimani alisema viziwi watashangaa, kwa kuwa chombo hakichukiwi na mtu. Watu walicheka, kikao kikaendelea. Hakuna zaidi.

Inspekta aliomba hotuba ya leo. Mwalimu alikuwa ameshaiandaa, karatasi nane zilizobanwa vizuri, akamsukumia kama mtu anayelipa nauli. Asome mwenyewe, alisema. Taruma halimo, na mkasi haumo.

Inspekta alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Mwisho wa ukurasa wa tatu alisimama.

"Sentensi hii haina mwisho," alisema. "'Sufuria imetoka jikoni, sasa nani amempa'. Halafu ukurasa unaofuata unaanza na lami."

"Tumepunguza. Mheshimiwa alisema ni ndefu."

"Mmeondoa karatasi nzima."

"Karatasi ni zetu."

"Ni zenu." Aligeuza ukurasa umwelekee Mwalimu na kuweka kidole chini ya neno la mwisho. "Lakini sufuria ingekuwa *nani ameipa*. Hapa umeandika *amempa*. Umefundisha ngeli miaka ishirini, Mwalimu. Sufuria haipewi kwa *m*. Anayepewa kwa *m* ni mtu."

Feni ilizunguka. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Kosa la uchapaji," alisema.

"Amepewa nini mtu huyo?"

"Inspekta, mimi naandika mafumbo. Wanaoyafumbua ni wasikilizaji, kila mmoja nyumbani kwake. Nipeleke mahakamani nitamsomea hakimu kamusi, na hakimu atacheka, na wewe utarudi kuongoza magari." Hakupandisha sauti. "Mimi sijamtaja mwanamke yeyote. Sijataja rangi ya mtu yeyote. Tafuta hotuba zote. Hutaona."

Hilo lilikuwa kweli, na wote watatu walilijua. Inspekta aliinuka. Hakuwa na hati ya kupekua, wala shahidi anayeweza kusema au kuandika. Mwalimu alitazama saa ya ukutani: tisa kasoro dakika kumi. Kisha akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Nyota hizo zimekukaa," alisema. "Bado mpya kabisa."

Mkono wa Inspekta ulikwenda wenyewe kwenye bega la kushoto. Vidole vilikuta nyota, na chini ya nyota vikakuta kamba iliyosokotwa ya sare, ile inayoteremka kutoka begani hadi kwenye mfuko wa kifua. Mwisho wa kamba ile, ndani ya mfuko, palikuwa na filimbi.

Mkalimani hakujipangusa vumbi. Alama ya polisi ni mikono iliyopishanishwa kama yenye pingu, na hata asiyejua lugha hiyo angeielewa. Asingethubutu kuionyesha, walinzi wa Mgombea wamesimama hatua tatu kutoka kwake. Alionyesha filimbi, kisha akaonyesha inakoning'inia.

"Siyo stesheni masta," Inspekta alimwambia Koplo kwenye ngazi. "Ni mimi. Na mimi siishi tena kota. Watakwenda kwa mama."

Simu ya mama yake iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Koplo aliendesha, mkono mmoja umebaki kwenye honi. Mama hushona na cherehani yake ina kelele, Inspekta alisema, simu huwa kwenye kabati. Alisema hivyo mara tatu, na kila mara alikuwa akipiga tena. Aliwapigia askari wawili wa stesheni, kwa kuwa kutoka stesheni hadi kota ni mwendo wa dakika tano kwa mguu. Hawakuwa stesheni tena. Mkuu alikuwa amewaondoa saa nane wakalinde jukwaa. Alimpigia Mkuu. Kulikuwa na ngoma na vigelegele nyuma ya sauti yake. Alisema watalishughulikia baada ya mkutano.

Koplo alifungua redio. Mgombea alikuwa amekwishaanza. Alizungumzia bei ya unga, alizungumzia vijana, kisha akashusha sauti kama mtu anayetaka kuwatania wageni wake.

"Sufuria imetoka jikoni, ndugu zangu. Sasa nani amempa filimbi? Atupulizie sisi, wenye nyumba?" Alinyamaza. Uwanja ulianza kucheka kutoka mbele kwenda nyuma. "Mimi nasema mataruma yaliyooza yang'olewe, tuweke mapya."

Gari lililokuwa mbele yao lilikuwa limefungulia redio hiyo hiyo. Dereva wake, mzee wa heshima aliyevaa koti, naye alicheka, akatikisa kichwa, akabadilisha gia.

Kati ya uwanja wa mkutano na kota palikuwa na njia ya reli tu. Barabara ilikuwa imezibwa na mabasi ya wafuasi. Waliacha gari kwenye kivuko wakakimbia juu ya reli, Inspekta mbele, Koplo nyuma, na kabla hawajafika waliuona moshi.

Nyumba ya mama yake ilikuwa ya tatu kutoka kwenye bomba. Mlango ulikuwa umeshang'olewa. Cherehani ilikuwa uani, imelala ubavu, na sare za watoto wa shule, zile zilizokwisha kushonwa na zile zenye sindano bado, zilikuwa zikiungua mbele ya kizingiti. Wanaume kama thelathini walikuwa wakipiga madirisha kwa mawe. Majirani walikuwa wamesimama ng'ambo ya njia, wamebana watoto miguuni, hakuna aliyevuka. Koplo alifyatua risasi mbili hewani. Watu walitawanyika kama mchele uliomwagika. Mmoja alijikwaa kwenye cherehani akaanguka, na Koplo akamkalia mgongoni.

Inspekta aliingia ndani, kitambaa mdomoni. Alimkuta mama yake chini ya meza ya kukatia nguo, amejikunja. Alimvuta kwa makwapa hadi nje. Nusu ya nywele zilikuwa zimeungua na damu ilitoka sikioni. Alikuwa anapumua kwa shida, kwa vipande.

Fundi bomba wa mtaa alileta kipikapu chake, gari dogo la mizigo, bila kuitwa. Walimpandisha. Inspekta alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu wakati redio ya upepo ya Koplo ilipokoroma: Mkuu wa kituo, kwa sauti kali, alisema mtu yeyote asikamatwe kota mpaka afike yeye mwenyewe, na yuko njiani.

Mama aliisikia pia. Alimshika mwanawe mkono wa shati.

"Yule mmemshika?" aliuliza.

"Tumemshika, Mama."

"Akija mkubwa wako atamwachia?"

Inspekta alitazama upande wa kivuko.

"Basi shuka," mama alisema. "Mimi nina dereva."

Alishuka. Kipikapu kiliondoka na fundi bomba, na mke wake akiwa nyuma amempakata mama. Inspekta alikitazama mpaka kilipokata kona, kisha akarudi uani.

Mtu aliyekamatwa alikuwa muuza maziwa. Kwa miaka tisa alileta nusu lita kila asubuhi kwenye mlango ule uliong'olewa, na Inspekta alimjua tangu hajaoa. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa. Alikuwa analia, siyo kwa maumivu.

Koplo alitoa daftari akamkabidhi Inspekta, kama desturi. Inspekta alilirudisha.

"Andika wewe," alisema. "Mimi sasa ni mlalamikaji. Nikishika kalamu, mahakama itayatupa maelezo." Akasogea mpaka kwenye bomba, mahali pa kusikia lakini si pa kugusa, na kukaa juu ya jiwe. "Upesi. Mkuu ana dakika kumi."

Koplo alimsomea muuza maziwa onyo lake lote, neno kwa neno, kwamba halazimiki kusema, na atakalosema litaandikwa. Kisha akauliza nani amemtuma.

"Hakuna aliyenituma."

"Umelipwa na nani?"

"Sijalipwa. Nilikuwa uwanjani, nikasikia."

"Umesikia nini?"

"Alivyosema. Sufuria."

Kalamu ya Koplo ilisimama. Mbali, ng'ambo ya reli, vipaza sauti vilikuwa bado vinaimba.

"Sufuria ni chombo cha kupikia," Koplo alisema. "Hapa umekuja kuchoma nyumba. Ulielewa nini?"

Muuza maziwa alinyoosha kidevu kuelekea kwenye bomba.

"Kidevu hakiandikiki," Koplo alisema. "Sema kwa mdomo."

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui. Mimi nilipata kumi na moja kwa hamsini. Niambie."

King'ora cha gari la Mkuu kilianza kusikika upande wa kivuko. Muuza maziwa alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza, akashindwa, akatazama chini.

"Ni yeye," alisema. "Afande mwanamke. Wa watu wa reli. Mgombea alisema tuje kwake. Sote tulielewa hivyo."

Koplo aliandika. Hakuruka neno. Alimsomea yote kuanzia mwanzo, kwa sauti, ili majirani waliosimama ng'ambo ya njia nao wasikie, akamuuliza kama kuna la kubadilisha. Hakuna. Akakifungua kidau cha wino, akashika gumba la muuza maziwa na kulikandamiza kwenye karatasi, kisha akairarua karatasi kutoka kwenye daftari, akaikunja mara nne na kuiingiza ndani ya kiatu chake, wakati gari la Mkuu likisimama mbele ya nyumba.